B- mkononi, lakini uuguzi umekataa: uchambuzi wa kisa cha maombi ya KUCCPS, Luanda, Vihiga

Kisa hiki cha maombi ya KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kila mwaka katika shule za kutwa za Vihiga, Kakamega na Kisumu. Hakuna mwanafunzi mmoja anayeelezwa hapa. Masharti ya kozi, hesabu na hatua ni zile zile ambazo mzazi na mwalimu watakutana nazo.

Binti ana miaka 18. Amesoma shule ya kutwa iliyo karibu na soko la Luanda. Mama anauza omena na mboga sokoni. Baba alifariki binti akiwa darasa la sita. Mjomba wake, kaka wa mama, ameajiriwa Nakuru, na ndiye aliyelipa karo ya kidato cha nne ilipokwama. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakatoka: B- ya pointi 57. Nyumbani palikuwa na shangwe, na shangwe hiyo ilikuwa haki yao, kwa sababu kutoka shule ile B- haipatikani kwa bahati.

Masomo yenyewe yalikuwa hivi: Kiswahili B+, Biolojia B, Dini ya Kikristo B, Kiingereza B-, Kilimo B-, Historia C+, Hisabati C, Kemia C. Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu. Tangu kidato cha kwanza amekuwa akisema jambo moja tu: anataka kuwa muuguzi.

Yaliyotokea saiba

Siku dirisha la maombi lilipofunguliwa, binti alienda saiba, duka la huduma za intaneti, na hati yake ya matokeo na shilingi 1,500 za ada. Kijana wa saiba alifungua tovuti ya KUCCPS, akaingiza namba ya mtahiniwa yenye tarakimu 11, mwaka wa mtihani, na namba ya cheti cha kuzaliwa kama nywila ya kuanzia. Akatafuta shahada ya uuguzi. Mfumo ukakataa. Akajaribu chuo kingine, ukakataa tena. Akajaribu cha tatu, mambo yakawa yale yale.

Kwenye saiba kuna foleni, na kijana hulipwa kwa kila anayemaliza. Basi akafanya wanachofanya wengi: akafungua orodha ya kozi ambazo mfumo unamkubalia binti, akachukua za juu juu, akajaza nafasi zote sita. Mbili kati ya hizo zilikuwa za vyuo vikuu vya binafsi. Barua pepe na namba ya simu alizoandika kwenye akaunti zilikuwa zake mwenyewe, "ili msimbo wa kuthibitisha uje haraka". Ada ikalipwa kupitia eCitizen, ukurasa ukachapishwa, binti akaenda nyumbani akiamini ameomba uuguzi "au kitu kinachofanana nao".

Siku tatu baadaye alimpelekea mwalimu wa ushauri nasaha ule ukurasa. Dirisha lilikuwa limebakisha siku tano.

Ni rahisi kumlaumu kijana wa saiba. Lakini yeye si mshauri, na hakuna aliyemwambia binti kwa nini uuguzi ulikataliwa. Neno "hujafuzu" kwenye skrini halielezi lolote. Kazi ya kulieleza ni ya shule, na katika shule nyingi za kutwa mwanafunzi akishachukua matokeo, shule inahesabu kuwa imemalizana naye.

Kwa nini B- haikutosha

Wastani wa C+ ndio unaomruhusu mtu kuomba shahada. Baada ya hapo kila kozi ina masharti yake ya masomo, na hayo hayaangalii wastani hata kidogo. Shahada ya uuguzi inataka C+ katika Biolojia, C+ katika Kemia, C+ katika Hisabati au Fizikia, na C+ katika Kiingereza au Kiswahili. Binti ana Biolojia B na Kiswahili B+, hapo hana shida. Kemia ana C. Hisabati ana C, na Fizikia hana. Masharti mawili kati ya manne yamemshinda, kila moja kwa gredi moja tu.

Kinachowachanganya wazazi ni hiki: inawezekanaje mtoto mwenye B- azuiwe, na jirani mwenye C+ akubaliwe? Jibu liko katika namna wastani unavyokokotolewa. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabu Hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano yaliyofanywa vizuri zaidi. Tuhesabu ya binti, kwa pointi zinazopanda moja moja kutoka C yenye 6 hadi A yenye 12: Hisabati 6, Kiswahili 10, kisha Biolojia 9, Dini 9, Kiingereza 8, Kilimo 8, Historia 7. Jumla 57 kati ya 84. Kemia haimo. Somo lililomfungia uuguzi halikuingia hata kwenye wastani uliomfurahisha kila mtu. Jirani mwenye C+ ya pointi 50 lakini ana C+ katika Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiingereza anatimiza masharti, na binti hayatimizi.

Kwa hiyo hati ya matokeo isomwe kuanzia kwenye masomo, na wastani uangaliwe baadaye. Mwalimu anayekaa na mwanafunzi aandike masomo yote nane kwenye karatasi, aweke alama kwa kila lenye C+ au zaidi, halafu ndipo wazungumze kuhusu kozi.

Hapa pia ndipo linapoonekana kosa la miaka miwili nyuma. Alipoacha Fizikia, alipoteza nafasi ya pili ya kutimiza sharti la "Hisabati au Fizikia". Pengine angeipata, pengine asingeipata, lakini hakuna aliyemwambia kuwa uamuzi ule ulihusu uuguzi. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 watafanya KCSE 2027 na masomo yao wameshayachagua. Kwa walio Gredi ya 10 swali hilo sasa limo ndani ya uchaguzi wa mkondo, na linafaa kuulizwa mapema kuliko zamani.

Pointi za klasta

Anayetimiza masharti ya masomo bado anashindana na wengine, na ushindani huo hupimwa kwa pointi za klasta. Kila kundi la kozi lina masomo manne yanayohesabiwa. Hesabu ambayo walimu hutumia kukadiria ni hii: gawanya jumla ya masomo manne kwa 48, gawanya jumla ya wastani kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuseme masomo manne ya binti ni Kiswahili 10, Biolojia 9, Dini 9 na Kiingereza 8, yaani 36. Anapata takriban 34.2. Lakini kwa masomo ya uuguzi, Kiswahili 10, Biolojia 9, Kemia 6 na Hisabati 6, jumla ni 31, na klasta inashuka hadi takriban 31.8. Mtu ni yule yule na matokeo ni yale yale, ila kozi moja inamwinua na nyingine inamshusha. Makadirio haya yasaidie kufikiri tu. Pointi zinazotumika ni zile zinazoonekana ndani ya akaunti ya mwanafunzi, na mara nyingi hutofautiana kidogo na za karatasini.

Karibu na kila kozi kwenye tovuti kuna pointi za miaka iliyopita. Hizo ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kuingia mwaka ule, na mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka kulingana na walioomba na nafasi zilizopo. Aliyezidi kwa pointi moja asijione amefika. Aliyezidi kwa tatu au nne ana nafasi nzuri. Aliyepungukiwa na tano asipoteze nafasi ya kwanza pale.

Mjomba na sheria

Mjomba alipiga simu kutoka Nakuru akiwa na pendekezo lake: sheria. Kwa upande wa masharti hakukosea. Sheria inataka wastani wa C+ na B katika Kiingereza au Kiswahili, na binti ana B+ ya Kiswahili. Wengi hawajui kuwa Kiswahili kinamfungulia mtu mlango wa sheria, na ni vizuri kuwaambia wanafunzi wa kanda hii ambao mara nyingi hufanya vizuri katika Kiswahili kuliko Kiingereza.

Shida ilikuwa klasta. Kwa 34, sheria katika vyuo vya umma vyenye ushindani iko mbali. Shida nyingine, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba binti hakuitaka. Mwalimu alimjibu mjomba kwa heshima na kwa tarakimu: hii hapa klasta ya mtoto, hizi hapa pointi za walioingia mwaka jana. Mzee anayesaidia kulipa karo ana haki ya kuelezwa, na akielezwa kwa namba badala ya kupingwa, mara nyingi huelewa.

Neno lililobaki kwa mjomba ndilo gumu zaidi: "B- haiendi diploma."

Njia mbili zilizobaki

Ya kwanza ni shahada ya ualimu, Kiswahili na Dini. Masomo yote mawili ya kufundishia yana zaidi ya C+, ambayo ndiyo TSC, tume inayoajiri walimu, inayotaka. Klasta ya 34 ina nguvu hapo. Maseno iko chini ya kilomita 10 kutoka Luanda, na Masinde Muliro kule Kakamega na Kibabii kule Bungoma hazihitaji safari ya siku nzima.

Ya pili ni diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba chenye kampasi nyingi. Masharti yake ni wastani wa C, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Binti anayatimiza yote na kubakiza. Ni miaka mitatu, na anayemaliza hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ili asajiliwe. Muuguzi wa diploma aliyesajiliwa anaweza baadaye kujiunga na shahada ya uuguzi kupitia mpango wa kujiendeleza. Yaani lango la shahada alilofungiwa kwa Kemia halijafungwa maisha yote, ila litapitiwa kwa njia nyingine na baada ya muda.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi anayejua kwa hakika anachotaka kufanya, na ambaye ana njia halali ya kukifikia, asisukumwe kwenye shahada kwa sababu tu ni shahada. Wapo walimu wengi wenye shahada wanaosubiri kuajiriwa na TSC miaka kadhaa. Wauguzi nao husubiri ajira za kaunti, hilo lisifichwe. Lakini kusubiri kazi unayoipenda na kusubiri kazi uliyosukumiwa ni vitu viwili tofauti.

Hata hivyo mama aliuliza swali ambalo mjomba na mwalimu hawakuliuliza: ipi itatugharimu zaidi?

Pesa

Hapa jibu linawashangaza wengi. Kozi inayoonekana ndogo inaweza kuwa nzito zaidi kwa familia maskini.

Mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma huomba ufadhili na mkopo kwenye tovuti ya HEF, mfumo wa serikali wa ufadhili wa elimu ya juu, ambayo ni tofauti kabisa na ya KUCCPS. Kupangiwa chuo hakuleti pesa yenyewe, na kila mwaka wapo wanaofika chuoni bila kuomba kwa kudhani kila kitu kimefanywa pamoja. Katika mpangilio wa bendi tano, yaani makundi ya uwezo wa familia, uliotumika 2024, bendi ya 1 ilipata ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya 2 ilikuwa 60, 30 na 10. Ya 3 ilikuwa 50, 30 na 20. Ya 4 ilikuwa 40, 30 na 30. Ya 5 ilikuwa 30, 30 na 40. Chukua kozi ya shilingi 180,000 kwa mwaka, kama mfano tu: mtoto wa bendi ya 2 familia yake inatoa 18,000, wa bendi ya 4 inatoa 54,000. Mpangilio huu umepelekwa mahakamani na gharama za kozi zilitangazwa kushushwa 2025, kwa hiyo kiasi cha kuaminiwa ni kile kilichoandikwa kwenye barua ya mwanafunzi mwenyewe.

Mgao huo wa ufadhili wa vyuo vikuu hauendi KMTC. Huko kuna mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na ya kaunti, na mfuko wa familia. Vyuo vikuu vya binafsi navyo, tangu mpangilio mpya wa 2023, mwanafunzi aliyepangiwa huko anaweza kuomba mkopo lakini si ufadhili wa serikali. Zile nafasi mbili ambazo kijana wa saiba alizijaza zingeweza kumletea mama wa sokoni bili nzima.

Kwa hiyo kabla ya kugusa uteuzi, walikaa na kuandika mwaka wa kwanza wa KMTC: karo kulingana na hati ya chuo, sare na vifaa, bima, nauli, chakula. Mjomba akaandika kiasi anachoweza kutoa kila muhula, kwa shilingi, si "nitasaidia". Shangazi anayeishi Kisumu, Mamboleo, akasema binti atalala kwake. Jambo hilo la shangazi ndilo lililofanya hesabu ifike. Lisingekuwapo, ushauri wetu ungekuwa kuchukua ualimu Maseno na kulala nyumbani Luanda, na kumweleza binti wazi sababu ni nini.

Kurekebisha maombi

Kazi ya kwanza ilikuwa kuirudisha akaunti. Walirudi saiba wakiwa wawili, wakaingia kwa nywila iliyowekwa, wakaondoa barua pepe na simu ya kijana, wakaweka za binti. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi, kwa sababu HELB nayo itaihitaji. Nywila iliandikwa kwenye daftari linalokaa nyumbani, na binti akaibadilisha tena jioni hiyo kwenye simu ya mama.

Maombi ya shahada yana nafasi sita: 1a, 1b, 1c, 2, 3 na 4. Kama binti angechagua ualimu, tungeweka kozi ile ile katika vyuo vitatu kwenye 1a hadi 1c, kuanzia anachokipenda ambacho kina ushindani, kisha anachokifikia, kisha salama. Nafasi za 2 hadi 4 zingekuwa za kozi nyingine ambazo kweli angezisoma. Kosa la kawaida ni kujaza zote sita na kozi zenye ushindani ule ule. Zikishindikana zinashindikana pamoja, na awamu ya marekebisho ikifunguliwa unakuta nafasi nzuri zimekwisha.

Binti alichagua uuguzi wa KMTC. Si kila kampasi inafundisha kila kozi, kwa hiyo waliangalia kwanza. Kisumu ikawekwa mbele kwa sababu ya shangazi, halafu Kakamega, halafu Bungoma. Kampasi za mbali hazikuwekwa, kwa kuwa nauli na kodi ya nyumba zingevunja hesabu iliyoandikwa. Wakahifadhi, wakatoka kwenye akaunti, wakaingia upya kuhakikisha yaliyoonekana ni yale waliyoyaweka. Mradi dirisha liko wazi, uteuzi unaohesabiwa ni wa mwisho kuhifadhiwa. Ukurasa wa zamani wa saiba ukachanwa ili usije ukaletwa mbele ya mtu baadaye.

Karatasi iliyokosekana

Wakati wa kuandaa maombi ya mkopo, palitokea jambo ambalo limewakwamisha yatima wengi kanda hii. Fomu inauliza hali ya wazazi, na ukisema mzazi amefariki unatakiwa kutoa cheti cha kifo. Mama alitoa kwenye sanduku karatasi aliyoitunza miaka yote: kibali cha mazishi. Hicho si cheti cha kifo. Kibali humruhusu mtu kuzika, na cheti huombwa baadaye katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Familia nyingi haziendi kukiomba kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna karatasi ya pili. Kwa bahati kifo kilikuwa kimesajiliwa, na namba ilikuwa kwenye kile kibali. Kama kisingekuwa kimesajiliwa, wangeanza na usajili wa kuchelewa, unaopitia kwa chifu na kuchukua muda mrefu zaidi.

Jambo la pili la fomu lilikuwa mjomba. Kwa kuwa alikuwa amelipa karo, binti alitaka kumwandika kama mlezi. Maswali yale hupima uwezo wa nyumba anamoishi mwanafunzi. Ukimwandika mjomba mwenye mshahara kama mlezi, mfumo unaona mtoto wa mtu mwenye mshahara, na mgao unabadilika. Mlezi wa binti ni mama. Mjomba ni msaidizi, na anaandikwa pale panapouliza nani alisaidia kulipa karo, ukweli mtupu, bila kuficha na bila kuongeza. Mjomba pia alikubali kuwa mmoja wa wadhamini wa mkopo, akatuma nakala ya kitambulisho chake kutoka Nakuru.

Mama aliomba cheti cha kifo wiki hiyo hiyo. Kilipotoka, kiliwekwa kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo, nakala za vitambulisho na picha ndogo za pasipoti, na bahasha ikapelekwa Mamboleo kwa shangazi, kwa sababu nyumba ya Luanda huvuja mvua za Machi zikianza.